Emoji uliyotuma siyo anayoiona mwenzako

Tuseme umepewa kazi ya kuandika meseji za kuwakumbusha wagonjwa dawa zao. Kwenye orodha kuna watu elfu mbili. Wengine wana simujanja, wengine wana kitochi kinachokaa na chaji karibu wiki nzima. Unataka meseji iwe fupi na ieleweke hata kwa mtu asiyependa kusoma, kwa hiyo unaandika hivi:

Dawa yako: 1 ☀️ 2 🌙 🍽️

Kwenye simu yako imependeza kweli. Kidonge kimoja asubuhi, viwili usiku, na chakula. Sasa ifuate meseji hiyo mpaka kwa bibi mwenye kitochi. Yeye anaweza kuona kitu kama hiki:

Dawa yako: 1 □ 2 □□ □□

Namba zimefika, maana haikufika. Bibi anajua kuna kimoja na kuna viwili, ila hajui kipi ni cha saa ngapi. Na simu yake ni nzima kabisa, imefanya kila ilichoweza. (Kama umeona kwamba jua limetoa kisanduku kimoja na mwezi umetoa viwili, una jicho zuri. Tutafika huko.)

Kinachosafiri ni namba

Simu haitumi picha ya mwezi. Ukibonyeza 🌙 kwenye kibodi, kinachoondoka ni namba 127769, basi. Ni utaratibu uleule wa herufi za kawaida: A kubwa ni 65, a ndogo ni 97. Orodha inayosema namba ipi ni ya herufi ipi inaitwa Unicode, na inasimamiwa na taasisi yenye jina hilohilo kule California, Marekani. Simu inayopokea ikipata 127769 inakwenda kwenye fonti yake kutafuta mchoro wa namba hiyo. Ikiupata inauchora. Ikiukosa inachora kisanduku. Mafundi wa fonti wanakiita kisanduku hicho tofu, kwa kuwa kinafanana na kile chakula cheupe cha soya kinachokatwa vipande vya mraba. Google walipotengeneza fonti zao za bure za lugha nyingi waliziita Noto, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tofu basi".

Kwa hiyo wewe umetuma oda tu. Mchoraji ni simu ya mwenzako.

Wajapani walishaonja tabu hii mapema. Neno emoji ni lao: e ni picha, moji ni herufi, na halina undugu wowote na lile neno la Kiingereza la hisia ingawa yanafanana. Mwaka 1999 Shigetaka Kurita alichora emoji 176 kwa ajili ya huduma ya intaneti ya simu za NTT DoCoMo, kila moja ikiwa na vidoti 12 kwa 12. Kampuni nyingine za simu nazo zilikuwa na zao, na kila moja ilizipa namba zake. Ukituma moyo kutoka mtandao huu kwenda ule, upande wa pili ungeweza kufika kitu kisichoeleweka. Unicode ilikuja kuziingiza emoji kwa wingi kwenye orodha moja mwaka 2010, katika toleo la 6.0, na hapo ndipo namba zikawa za wote.

Namba tu, lakini. Michoro ilibaki ya kila kampuni.

Oda moja, wachoraji kumi

Orodha ya Unicode inatoa namba, jina na mchoro wa mfano. Hailazimishi Apple, Google, Samsung au Microsoft wachore vilevile. Mara nyingi tofauti ni ndogo, mwezi unabaki mwezi. Kuna wakati tofauti inauma.

Mfano unaotajwa sana ni bastola, 🔫. Mpaka mwaka 2016 simu nyingi ziliichora kama bastola ya kweli. Mwaka huo Apple wakaibadilisha ikawa bastola ya maji ya kuchezea watoto. Fikiria sasa: mtu mwenye iPhone anamtumia rafiki yake utani, "subiri nije 🔫", yeye anaona mchezo wa kumwagiana maji. Rafiki mwenye simu ya aina nyingine anaona silaha. Namba ni ileile, tishio limezaliwa njiani. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili, mpaka 2018 kampuni nyingine kubwa zilipofuata.

Mwaka huohuo wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonyesha watu michoro ya emoji zilezile kutoka kampuni mbalimbali na kuwauliza inaonyesha hisia gani. Uso wa 😁 ulikuwa kituko. Mchoro wa Apple wa wakati ule, wenye meno yaliyobanwa, wengi waliuona una karaha, huku michoro ya kampuni nyingine ya namba ileile ikionekana ni furaha tupu. La kufikirisha zaidi ni kwamba hata watu waliotazama mchoro mmoja hawakukubaliana kila mara. Kwa hiyo hata ukihakikisha kila mtu ana simu ya aina moja, bado hujamaliza.

Halafu kuna zile ambazo zimechorwa na habari ndani yake. Kalenda, 📅, kwenye iPhone imeandikwa Julai 17. Ukiiweka mbele ya "kikao Agosti 3", kuna mtu atasoma Julai 17, na huwezi kumlaumu.

Kwetu sisi tunaosema Kiswahili, saa ndiyo mtego mkubwa kuliko wote. Emoji ya 🕐 ina mshale kwenye 1. Kwenye orodha ya Unicode jina lake kwa Kiingereza ni saa yenye kuonyesha "moja". Unatafuta emoji ya saa moja asubuhi, kibodi yako ya Kiingereza inakupa hiyo, unaituma. Mwenzako anatazama mshale ulipo na kusoma kama anavyosoma saa ya ukutani tangu utotoni: saa saba. Saa moja yetu ni 🕖. Kwa ahadi ya kliniki, basi la mkoani au mtihani, saa sita za kupishana si jambo dogo. Mimi saa naiandika kwa maneno, na "asubuhi" au "jioni" juu yake.

Emoji zilizogundishwa

Mpaka hapa nimesema emoji moja ni namba moja. Ingekuwa hivyo siku zote, maisha yangekuwa rahisi. Emoji nyingi unazotumia kila siku ni vipande kadhaa vilivyoambatanishwa, na kila kiungo ni mahali pa kukatikia.

Anza na moyo mwekundu. Alama ya ❤ ilikuwemo kwenye Unicode tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zamani kabla ya emoji kuingia, kama pambo la kuchapia kwa wino mweusi. Jua la ☀ ni hivyohivyo. Emoji zilipokuja, likazuka swali: namba hii ichorwe kama alama nyeusi ya kizamani au kama picha ya rangi? Suluhisho likawa kuongeza herufi nyingine isiyoonekana nyuma yake. Ukiweka U+FE0F baada ya moyo, unaomba rangi. Ukiweka U+FE0E, unaomba alama ya kawaida ya maandishi. Usipoweka chochote, programu inajiamulia. Ndiyo maana moyo uliounakili kutoka sehemu moja unageuka mweusi au mwembamba ukiubandika kwingine. Kile kipande kisichoonekana kimeachwa njiani, au programu ya pili haikijali.

Rangi za ngozi zilikuja mwaka 2015. Ziko tano, na kila rangi ni herufi inayojitegemea inayofuata nyuma ya mkono au uso. Simu inayoelewa inaziunganisha. Simu ya zamani inakuchorea mkono wa njano na pembeni yake kijiboksi cha kahawia, kama sampuli ya rangi ya duka la vifaa vya ujenzi.

Halafu mkulima, 👩🏾‍🌾. Huyu dada ni vipande vinne: mwanamke, rangi ya ngozi, gundi, na shada la mpunga. Gundi yenyewe ni herufi isiyo na upana, U+200D, iliyobuniwa kwa ajili ya maandishi kama ya Kiarabu na ya Kihindi ambako herufi hubadilika sura zikishikana. Watu wa emoji wakaiazima. Fonti ikiwa na mchoro wa muungano huo, unamwona mkulima mmoja. Isipokuwa nao, unamwona mwanamke, halafu mpunga. Kusema kweli hii naiona ni akili nzuri ya wabunifu: ikishindikana, maana haipotei yote. Kisanduku hakikuachii chochote, vipande viwili vinakupa fununu.

Bendera nazo hazina namba zake. 🇹🇿 imeundwa kwa herufi mbili maalumu, T na Z, na 🇰🇪 kwa K na E, kufuata zile alama za nchi za herufi mbili za kimataifa. Kifaa kikiona jozi hiyo kinachora bendera. Windows ya Microsoft kwa miaka yote imekataa kuchora bendera za nchi kwenye fonti yake, ikakuonyesha herufi TZ au KE tu. Fungua ukurasa huohuo kwa Firefox kwenye kompyuta hiyohiyo, bendera inatokea, kwa sababu Firefox inakuja na fonti yake ya emoji. Na utaratibu huu wa herufi mbili unaeleza kwa nini unaitafuta bendera ya Zanzibar kwenye kibodi na huioni: bendera ipo na inapepea, lakini Zanzibar haina alama yake ya herufi mbili kwenye orodha ya nchi. Uingereza, Scotland na Wales zilitengenezewa njia nyingine ndefu zaidi ya vipande vingi mwaka 2017.

Bei ya mwezi mmoja

Turudi kwenye zile meseji, maana kwenye SMS emoji inakula hela.

SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Kiwango cha GSM, kilichobuniwa Ulaya, kina orodha yake fupi ya herufi zinazotumia biti 7 kila moja, na kwa hesabu hiyo zinaingia 160. Ndizo zile 160 unazozijua. Orodha ina herufi zote za Kiswahili, tarakimu, alama za kawaida, hata herufi kadhaa za Kigiriki. Emoji haimo. Ukiweka hata moja, simu haiwezi kuandika hiyo moja kwa mtindo mwingine na kuacha zilizobaki. Meseji nzima inahamia kwenye mtindo wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ikizidi 70 inakatwa vipande vya 67, maana kila kipande kinabeba maelezo ya jinsi ya kuungana na vingine.

Na biti 16 zinaishia 65535. Mwezi ni 127769, haumo. Kwa hiyo unagawanywa nusu mbili, 55356 na 57113, na kuchukua nafasi mbili. Hapo ndipo vilipotoka visanduku viwili vya bibi: simu ya zamani isiyojua kuziunganisha hizo nusu inaona namba mbili ngeni. Jua ni 9728, linaingia lenyewe. Yule dada mkulima anachukua nafasi 7. Wakulima kumi, SMS imejaa.

Piga hesabu. Una meseji ya herufi 150, inakwenda kwa watu 2000, unalipia SMS 2000. Unaongeza kamwezi kamoja mwishoni kwa mapambo. Sasa ni nafasi 152, yaani vipande vitatu, na bili ni ya SMS 6000. Hakuna aliyekuibia.

Kuna jambo la pembeni ambalo lazima nilitaje kwa sababu linatuhusu sisi kuliko Waingereza. Ile alama ya ng' kwenye ng'ombe, ng'ambo, ng'aa. Ukiiandika kwa alama iliyonyooka, imo kwenye orodha ya GSM. Programu nyingi za kuandikia, Word ikiwemo, huigeuza kimyakimya kuwa alama iliyopinda, ng’ombe, na hiyo haimo. Ukinakili tangazo la chanjo ya mifugo kutoka Word kwenda kwenye mfumo wa kutuma meseji, ng’ombe mmoja aliyepinda anatosha kushusha nafasi zako hadi 70, bila emoji hata moja. Baadhi ya watoa huduma huzinyoosha wenyewe kabla ya kutuma. Waulize kabla hujalipa.

Meseji ya wagonjwa mimi ningeiandika hivi:

Dawa yako: asubuhi meza kidonge 1, usiku meza vidonge 2, baada ya kula. Rudi kliniki Jumatatu saa 2 asubuhi.

Ni herufi 108 pamoja na nafasi, inaingia kwenye SMS moja, na inasomeka kwenye simu yoyote iliyowahi kuuzwa. Angalia pia kwamba "baada ya kula" imepata mahali pake. Ile sahani, hata pale ilipochorwa vizuri, haikuwahi kusema kama ni kabla au baada.

Sasa sisemi emoji zifutwe. Kwenye WhatsApp mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa kwenye Android wanatumia michoro yao wenyewe na hawaitegemei fonti ya simu. Hapo emoji inaweza kutangulia mstari na kumsaidia msomaji apate haraka sehemu anayoitafuta. Ila maneno yabebe maana yote, emoji ifuate. Jaribio ni dogo: zifute zote, soma kilichobaki. Kama mtu anaweza kukitekeleza, tuma.

Ukichagua, chagua za zamani zenye namba moja: 🌙, 🔥, 🏠, 📞 zimo tangu 2010. Kila mwaka huongezwa mpya, na simu isiyopata tena masasisho inabaki na fonti ya mwaka wake. Emoji iliyotoka mwaka jana ni kisanduku kwenye simu nyingi sana za mitumba. Ukitaka picha ionekane ileile kwa kila mtu, kwa mfano alama ya hatari kwenye kipeperushi, tuma picha yenyewe au PDF. Kwenye tovuti unaweza kupeleka fonti pamoja na ukurasa, na Noto Color Emoji inapatikana bure. Usisahau wasioona: programu za kuwasomea skrini hutamka jina la kila emoji, kwa hiyo makofi 👏👏👏👏👏 wao wanayasikia mara tano mfululizo.

Na ninyi mnaotengeneza mifumo

Hili ni kwa wenzetu wa programu. Hifadhidata ya MySQL ina aina ya maandishi inayoitwa utf8, na jina hilo limewaponza wengi, kwa sababu inaishia kwenye herufi za baiti 3. Emoji kama 🌙 ina baiti 4. Aina kamili inaitwa utf8mb4, ipo tangu 2010, na ilifanywa kuwa ya kawaida kwenye toleo la 8.0 lililotoka 2018. Mifumo mingi iliyojengwa kabla ya hapo bado inatumia ile fupi.

Mfumo wa namna hiyo ukiletewa emoji, ukiwa umewekwa kwa ukali utakataa kuhifadhi na kukuonyesha kosa. Hiyo ndiyo nafuu. Ukiwa umewekwa kwa ulegevu, unahifadhi maandishi mpaka pale emoji ilipo na kutupa kila kilichofuata. Muuguzi ameandika "dozi ya jioni 🌙 imesitishwa", kwenye rekodi kinabaki "dozi ya jioni". Hapo hakuna hata kisanduku cha kumshtua mtu.

Kuhesabu urefu nako kuna shimo. Uliza JavaScript huyu 👩🏾‍🌾 ana herufi ngapi, itakujibu 7. Python itasema 4. Kwenye diski ni baiti 15. Mtumiaji anaona 1. Ukikata jina la mtu kwenye "herufi 20" bila kujua unahesabu nini, utamkata mkulima kiunoni na kumwachia mwenzako nusu ya namba isiyo na maana.

Kwa hiyo fomu yoyote unayojenga, kabla hujaikabidhi, ijaze "Asha 👩🏾‍🌾 Mtaa wa Pili", ihifadhi, ifungue tena kwenye simu nyingine. Ukirudishiwa "Asha" peke yake, anzia kwenye hifadhidata.